Baipasi ikija mjini kwenu, pigania eksiti mapema

Ndugu zangu wenye maduka, migahawa na gesti kando ya barabara kuu, kama kwenu wapima wameshaanza kupigilia vigingi vya baipasi, yaani barabara mpya ya kuuzunguka mji, kule porini nje ya mji basi hii ni yenu. Mimi naendesha lori huku Arizona, Marekani, na I-40, haiwei kubwa inayokatiza jimbo hili, naijua vizuri, kila nikisimama kupumzika kwenye hii miji midogo napenda kukaa na wazee wa hapo wanihadithie ilikuwaje barabara ilipowahama.

Zamani magari yalikatiza katikati ya miji kwa barabara ya Route 66, iliyoanza 1926 kutoka Chicago mpaka upande wa Los Angeles. Halafu 1956 ikapita sheria ya kujenga haiwei kubwa nchi nzima, na hizo hazipiti mbele ya duka la mtu, zinauzunguka mji. Seligman, mji mdogo wa hapa Arizona, zamu yao ilifika tarehe 22 Septemba 1978, I-40 ikafunguliwa na magari yakahama kwa mpigo, sio kidogo kidogo, wenye vituo vya mafuta na moteli wakabaki wanaangalia lami tupu. Kinyozi wa pale, Angel Delgadillo, aliyaona yote hayo akiwa na saluni yake palepale. Ilichukua mpaka 1987 ndo yeye na wenzake wa Seligman na Kingman wakaunda chama, wakaibana serikali ya jimbo, na mwaka huohuo kipande cha Seligman hadi Kingman kikatambuliwa kuwa barabara ya kihistoria. Watalii wakaanza kuja, na leo ukipita unakuta mabasi yao yamejaa. Nawaheshimu sana wale wazee, lakini jamani miaka 9! Biashara ya mama ntilie haiwezi kungoja miaka 9.

Sasa angalia mji wa Williams, hata saa moja haifiki ukiendesha kutoka Seligman kuelekea mashariki. Hawa walienda mahakamani na kesi zao zikakwamisha kipande cha mwisho cha I-40 Arizona, wakaja kukubaliana na serikali kwamba mji utapata eksiti 3, yaani sehemu 3 za dereva kutoka haiwei na kuingia mjini, ndipo kesi zikafutwa. Haiwei ikafunguliwa 13 Oktoba 1984, Williams ukawa mji wa mwisho wa Route 66 nzima kuzungukwa. Barabara hawakuizuia, na sidhani kama kuna mji mdogo unaweza kuizuia, walichokipata ni mlango, tena mitatu. Ni kweli wana bahati pia maana ndo njia ya kwenda Grand Canyon, lile korongo maarufu la watalii.

Na eksiti peke yake haitoshi, hilo niliseme wazi. Glenrio, pale mpakani mwa Texas na New Mexico, ina eksiti kabisa lakini mji umebaki magofu, kwa sababu ulikuwa unaishi kwa mafuta, chakula na vitanda vya wapita njia na hakuna kingine cha kumfanya dereva akate kona. Mimi kama dereva nawaambia ukweli, nikiwa na mzigo siachi haiwei kwa kubahatisha, nataka bango linalonieleza mapema kuna nini huko, na nijue lori langu litapata pa kuegesha na pa kugeuzia.

Kwa hiyo msingoje lami imwagwe. Nendeni kwa pamoja, sio kila mtu na barua yake, mkaombe kuuona mchoro, muulize magari yatachepukia wapi, bango litakaa wapi, maegesho ya malori yatakuwa upande gani, na majibu yaandikwe. Na wewe binafsi anza leo kuhesabu wateja wako, wangapi wanasimama kwa sababu upo njiani tu na wangapi wanakufuata wewe, hao wa pili chukua namba zao za simu. Kama karibu wote ni wa kundi la kwanza, mkopo wa kupanua jengo usiuchukue mpaka ujue eksiti itakaa wapi.