Msimulizi Akikwambia Hasahau Kitu, Fungua Daftari

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, ameniandikia kwamba kaanza The Shadow of the Torturer (1980), riwaya ya kwanza kati ya nne za Gene Wolfe zenye kisa kimoja, kafika ukurasa wa 90, na haoni kichwa wala mkia. Anadhani Kiingereza ndicho kinachomwangusha. Sikubali. Kosa lake ni kumwamini Severian, msimulizi wa riwaya hiyo.

Severian anajinadi kwamba hasahau kitu. Sawa. Lakini barazani mtu akianza hivyo, wenzake humuuliza: unatusimulia ili iweje? Jibu lipo sura ya kwanza: anaandika akiwa ameshakalia kiti cha enzi. Ni mtawala anayejiandikia historia yake mwenyewe, na ujana wake aliupitisha akifunzwa kazi ya kutesa watu.

Chukua daftari, lipige safu tatu: alichosema, alichotenda, alichokiona. Kila unachoandika kipe namba ya ukurasa, la sivyo hutaweza kurudi kumsuta. Soma kurasa 20, funga kitabu, andika mistari mitatu. Wengi hujaza majina ya watu na miji, daftari likawa rejista ya shule.

Safu ya tatu ndiyo yenye utamu. Sura ya 5 kuna mzee anasafisha picha. Pichani yumo mtu aliyevaa deraya, kasimama jangwani, ameshika bendera iliyokakamaa, na kioo cha kofia yake ni dhahabu tupu. Severian anamwona kama askari tu. Wewe tulia hapo: ni mwanaanga, yuko mwezini. Severian hakudanganya, hajui tu anayemtazama ni nani. Kwa hiyo pembeni weka herufi: U kwa uongo, J kwa ujinga, F kwa kuficha. Ukizichanganya utamwita mwongo pale alipo mjinga, na pale anapoficha kweli hutamshtukia.

Maneno mageni yasikutishe. Wolfe aliyafukua kwenye Kilatini na Kigiriki cha kale. Fuligin, kwa mfano, ni rangi iliyoupita weusi, na sentensi yenyewe inakwambia. Piga mstari, songa mbele. Aliyesoma tenzi za kale anaijua kazi hii.

Muhtasari wa mtandaoni uache mpaka umalize vitabu vyote vinne (cha mwisho kilitoka 1983), maana mara nyingi hulibeba neno la Severian kama lilivyo. Ukimaliza, rudia sura ya kwanza siku hiyohiyo, daftari mkononi.

Asiye na subira ya vinne ajaribu The Fifth Head of Cerberus (1972), hadithi tatu ndani ya kitabu kimoja. Ni kifupi, wepesi asiutarajie.