Kuongea na ChatGPT usiku au kwenda kwa mshauri: yaliyonikuta Kigoma

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumtafuta mshauri nasaha wakati ChatGPT, ile programu ya akili mnemba ya kuongea nayo kwenye simu, inakusikiliza bure tangu uachike. Mimi nimepita kote kuwili, hapa hapa Kigoma mjini, baada ya msiba wa baba.

Sitaibeza simu. Usingizi ukikata saa nane usiku, nyumba nzima imelala, inakujibu, haichoki, na mtaa mzima wa Mwanga haujui unalilia nini. Mji wetu mdogo huu. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, jioni habari zimeshafika Ujiji. Hofu yako naielewa kabisa.

Tatizo, ilikubaliana nami mno. Mimi na kaka tulikuwa hatuelewani kuhusu nyumba ya marehemu, na kila nilichomlalamikia, nilipewa haki. Programu hizi hufunzwa kwa kufuata majibu ambayo watu wanayapenda, na nani hapendi kuambiwa yuko sahihi? Aprili 2025 OpenAI wenyewe, kampuni yenye ChatGPT, waliliondoa toleo jipya la GPT-4o, mfumo uliokuwa ukiiendesha ChatGPT, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linawasifia watumiaji kupita kiasi. Mwenye uchungu akisifiwa hivyo, ugomvi hauishi.

Mshauri niliyempata, mama wa makamo, alinisikiliza kwanza, kisha akaomba ayasome mazungumzo yangu na ChatGPT. Nikampa simu. Akasoma taratibu, akipandisha kwa kidole gumba, halafu akaniuliza: "Mwanangu, mbona baba hayumo humu?" Kweli. Kaka, hati ya nyumba, mawifi, wote wamo. Baba nilikuwa sijamtaja hata mara moja. Nililia pale mpaka kanga ikalowa. Na wiki niliyokosa kwenda, alinipigia kuuliza kulikoni.

Kwa hapa anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Umeandika pia kwamba siku nyingine unaona bora usiamke. Hilo, tafadhali sana, usiiachie simu: mwambie mtu wa nyumbani leo hii, alale na wewe chumba kimoja, kesho asubuhi akusindikize. Mazungumzo yako usiyafute. Nenda nayo, mshauri ayasome.