Kwa makatibu wapya wa klabu za mtaani Tanga: kiwanja kwanza, jezi baadaye

Wadogo zangu mliokabidhiwa daftari na muhuri wa klabu mwaka huu, karibuni. Swali la kwanza la wachezaji litakuwa jezi. Lijibuni, ila lisiwamalize nguvu.

Wa rika langu tumeona pesa ya michezo ikija na kuondoka. Coastal Union wanatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, mashirika ya umma bado yana timu, na kijana anapata ajira kwa sababu ya miguu yake. Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa, timu nyingi zikafa pamoja na mwajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikasimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari. Mashindano yalirudi baadaye, lakini waliokuwa madarasani wakati ule walishapitwa.

Klabu nilizoziona zikivuka si zile zenye mfadhili mnene. Ni zile zilizokuwa na mahali pa kuchezea. Hata uwanja wa Mkwakwani ni mali ya CCM, na Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na ukubwa wao wote wanaingia pale kama wapangaji, sembuse sisi wa Makorora na Mabawa.

Kwa hiyo kabla ya yote, ulizeni kiwanja chenu kimeandikwaje kwenye mchoro wa mipango miji. Wazee walicheza pale tangu zamani, sawa, lakini mazoea si hati. Mchukueni mwenyekiti wa mtaa mwende naye ofisi ya ardhi ya halmashauri, mpate namba ya mchoro na matumizi yaliyowekwa: michezo, eneo la wazi, au makazi. Mkikuta "makazi", anzeni kuandika barua siku hiyohiyo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo huhama na ofisa akihamishwa. Bajeti iliyokatwa yaweza kurudi mwakani. Kiwanja kikishaota fremu za maduka, basi tena.

Pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi la Juni ni la kupewa pole. Barua iwe mezani kwa afisa michezo ifikapo Oktoba, na iombe vitu vya kuonekana: nguzo za goli, nyavu, chokaa. Posho ndiyo hukatwa mwanzo.

Usajili wa klabu kwa Msajili aliye Baraza la Michezo la Taifa msiuchezee. Bila cheti, hata akaunti ya benki ni shida.

Kuna mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kati ya hiyo 10 vijana wametengewa 4. Haina riba, lakini ni mkopo, tena wa biashara. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Aliyepanga msimu wake juu ya pesa ile alikaa benchi. Kikundi kikiupata, kinunue viti na maturubai ya kukodisha kwenye harusi, kisha faida ndiyo inunue mipira. Ada ya wanachama iendelee kukusanywa hata mwezi ambao mgombea fulani amewamwagia jezi, maana baada ya kura simu yake haitashikwa.

Na diwani mpya akiapishwa, nendeni kumpongeza na barua ya mchoro wa kiwanja mkononi. Ya jezi mpelekeeni mwezi unaofuata.