Desemba Haijawahi Kuhama

Barua zenu za wiki hii kuhusu hela ya safari karibu zote zinanukia Krismasi, na tuko Agosti. Afadhali. Mwaka jana mlianza kuniuliza tarehe 10 Desemba.

Shikamoo. Mimi mwalimu, nipo Mbagala. Kila Desemba naipeleka familia Moshi, watu watano, na kila Desemba nakopa. Nauli na vitu vya kupeleka nyumbani vinafika laki sita. Mshahara wetu unaujua.

Marahaba, mwalimu. Usiniambie unafundisha hesabu. Laki sita ukiigawa kwa miezi kumi, Februari hadi Novemba, ni elfu sitini kwa mwezi, yaani elfu mbili kwa siku. Januari nimeiruka makusudi. Ile ina ada na sare zake. Kinachokumaliza ni kuichukulia Krismasi kama msiba, kitu kinachokuja bila taarifa, wakati tangu uzaliwe Desemba haijawahi kuhama. Nenda Saccos ya walimu wakukate kabla mshahara haujakufikia, maana ukishaushika umekwisha.

Kwa mwaka huu umechelewa. Miezi minne iliyobaki inadai 150,000 kila mwezi, na hiyo huna. Nendeni wawili, wengine wabaki. Ndugu watanuna, halafu wataacha. Na tiketi ikatwe mapema. Ukisubiri tarehe 22 pale stendi ya Magufuli, mpiga debe ndiye atakayekupangia nauli, tena ya basi la njia nyingine lililoletwa kuziba pengo.

Kibubu au M-Pesa?

Kibubu, kama nyundo iko kwa jirani. Hela ya kwenye simu huishia mezani kwa chipsi.

Naomba unitajie programu nzuri ya mkopo, nataka kwenda Zanzibar na mchumba wangu mwezi ujao.

Nimeshajibu hili hadi nimechoka. Hakuna mkopo mzuri wa kwenda kula pweza Forodhani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na bado watu wanapakua nyingine. Wenye programu hizo wanachukua namba zote zilizomo kwenye simu yako; siku ukichelewa kulipa, mama mkwe mtarajiwa ndiye anayepata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mchumba anayekupenda atangoja hadi Februari. Asiyengoja, umeokoa na mahari.

Tunacheza upatu, akina mama kumi, elfu hamsini kila mwezi. Naweza kuutegemea kwa safari?

Dada, unaweza, na mimi naupenda kuliko benki kwa sababu una aibu ndani yake: ukikosa kutoa, kijumbe, yule anayekusanya hela, anakufuata hadi sokoni. Omba zamu ya Oktoba au Novemba. Anayepokea Machi, hela ya safari ya Desemba huwa ameshainunulia kochi. Lakini uwe upatu wa watu mnaojuana kwa sura na milango yao. Ule wa kwenye makundi ya WhatsApp, unatoa elfu hamsini upokee laki mbili, ni DECI nyingine, ule mchezo wa kupanda na kuvuna hela. Waliopanda mbegu kule hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009, wengi hawakuvuna kitu.

Hifadhi za wanyama si ni za wazungu? Sisi wa kipato cha chini twende wapi?

Nani kakwambia? Mzungu ana kiingilio chake cha wageni, wewe una chako, na kiingilio cha Mikumi kwa mtu mzima wa Afrika Mashariki hakifiki elfu kumi. Beba kitambulisho, usije ukabishana getini. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, mkoa wenye hifadhi hiyo, ilianza 2024 kwa elfu kumi na tatu daraja la kawaida. Kinachokula hela ni gari la kuzungukia ndani, kwa hiyo tafuteni wenzenu mjaze Coaster. Na barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi hiyo. Abiria wanaona twiga dirishani bure, wengine wakiwa wamelala.

Kitambulisho cha NIDA kinatosha kuingia Kenya?

Hapana. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda ndio waliokubaliana kutumia vitambulisho, sisi hatumo. Pasipoti ni 150,000 na inadumu miaka kumi. Iweke kwenye bajeti.

Nikitenga hela ya safari tu, kadi ya mchango wa harusi inaingia. Nifanyeje?

Kaka, hapa ndipo mishahara yetu inapozikwa. Mwaka fulani niliahidi laki moja moja kwenye kamati tatu ndani ya mwezi mmoja, kisa nisionekane mdogo kwenye kundi. Krismasi ile niliila Dar, kwa jirani, na sare tatu za vitenge kabatini. Tangu hapo Januari napanga fungu moja la michango ya mwaka mzima. Likiisha, nachangia nguvu: naosha vyombo, nabeba viti. Kadi bila hela nimeshazirudisha, na wenyewe bado wananisalimia.

Nikifika kijijini wananiomba hadi nauli ya kurudi inaisha.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile ya kwenda. Sijaona shangazi anayeomba tiketi.