Muulize Bibi Nesi: Vijiwe vya tonsesi

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 29. Tangu mwaka jana nikikohoa hutoka kitu cheupe kinachoelekea unjano, ukubwa wa chenga ya mchele. Nikikiminya kwa vidole kinanuka vibaya mno. Sina homa wala koo haliumi, ila nahisi kuna kitu kimekwama upande wa kushoto. Kazi yangu ni kupima watu shingo na mabega, tunasimama uso kwa uso, na siku hizi nawapima huku nimefumba mdomo. Duka la dawa walinipa antibayotiki, nikamaliza dozi, vikarudi vilevile. Mama mkwe anasema nikakatwe kimeo. Mwenzangu wa cherehani ya pili huvitoa vyake kwa pini. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo pini irudisheni kwenye mto wake kwanza, ndipo tuzungumze.

Ulivyoeleza, hivyo ni vijiwe vya tonsesi. Tonsesi, zile nyama mbili zilizo pande mbili za koo, uso wake si laini kama watu wanavyodhani. Zina vishimo vingi kama jiwe la matumbawe. Mabaki ya chakula, makamasi, chembe zilizokufa za ngozi ya mdomo na bakteria hujikusanya humo, chumvichumvi za kalisiamu zikashikamana nayo, yakaganda. Harufu inatokana na gesi za salfa ambazo bakteria hao huzitoa. Waliougua tonsesi mara kwa mara utotoni huvipata zaidi, kwa kuwa vishimo vyao vimebaki vipana. Haviambukizi, na kwa kawaida havina hatari. Wapo wanaoishi navyo wasijue, mpaka daktari wa meno awaambie wapanue mdomo.

Ndiyo maana dozi yako haikusaidia. Antibayotiki haiyeyushi kijiwe. Usinunue nyingine kwa ajili hiyo.

Sasa namna ya kuvitoa. Anza na maji ya chumvi, na wengi huishia hapo hapo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuunguza. Vuta funda, inua kidevu, sema "aaa" ili maji yachezecheze kooni, kisha tema. Rudia mpaka glasi iishe. Fanya hivyo baada ya kula, na usiku kabla ya kulala usikose. Kikohozi kimoja cha nguvu baada ya hapo mara nyingi hukitoa chenyewe. Ukiwa na presha usiogope chumvi hiyo, mradi unaitema.

Kisipotoka na unakiona, tafuta bomba la plastiki la kunyweshea watoto dawa, lile lisilo na sindano. Jaza maji ya uvuguvugu, inama juu ya sinki au beseni, elekeza ncha pembeni mwa kijiwe na usukume polepole. Kasi ya maji isizidi ile ambayo ungeivumilia kwenye jicho lililoingia vumbi.

Njia ya mwisho ya nyumbani ni kijiti cha pamba, kile cha masikioni. Nawa mikono, simama mbele ya kioo, mwenzako akumulikie kwa tochi ya simu. Lowesha pamba kwanza, maana kavu inakwaruza. Usikichokoe kijiwe chenyewe, utakizamisha. Bonyeza taratibu ule mkunjo wa nyama ulio mbele ya tonsesi, chini kidogo ya kijiwe, kukielekeza kije mdomoni. Pumua kwa pua. Ukianza kutaka kutapika, pumzika. Usijaribu ukiwa umetoka kula ugali, utajuta. Kikigoma mara mbili tatu, kiache, urudi kwenye maji ya chumvi siku zinazofuata. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijaribu kijiti kabisa.

Kuhusu pini: nilipokuwa kliniki ya masikio, pua na koo, tuliletewa watu waliojichokoa kwa vibanio vya nywele, njiti za meno, hata spoku ya baiskeli. Tonsesi ina damu nyingi. Nyuma yake, kwa mtu mzima kama sentimita mbili na nusu tu, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Mwambie mwenzako hivyo, kwa jina langu. Ukiona tone la damu baada ya kijiti cha pamba, sukutua maji baridi na uache. Ikiendelea kutoka zaidi ya dakika kumi, nenda hospitali.

Mama mkwe umjibu kwa adabu, lakini kimeo usikate. Vijiwe viko kwenye tonsesi, kimeo hakina kosa lolote. Na ukataji wa mtaani umeleta watu wodini wakivuja damu, wengine na pepopunda.

Jambo moja hukuniuliza, nami nalisema kwa sababu ya wateja wako. Harufu nyingi ya kinywa hutoka kwenye ulimi na fizi, si kooni. Sugua ulimi mpaka nyuma, pitisha uzi kati ya meno, kunywa maji ukiwa kazini, na kama unavuta sigara, acha. Ukiyafanya hayo na harufu ikabaki, muone daktari wa meno kabla ya kulaumu vijiwe.

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kama hali hiyo ya kukwama haiishi, sikio la upande huo linauma, tonsesi moja inazidi kuwa kubwa kuliko nyenzake, au unatema damu au unapungua uzito. Ukishindwa kupanua mdomo au kumeza hata mate, nenda siku hiyo hiyo, huenda ni jipu. Kuna upasuaji wa kutoa tonsesi, lakini kwa vijiwe peke yake nisingeukimbilia. Unauma, na mtu mzima huchukua wiki mbili hivi kupona.

SWALI: Bibi, mwanangu ana miaka sita. Nimeona madoa meupe kooni mwake, anakataa uji tangu jana na mwili una moto. Nimtoe madoa hayo kwa kijiti cha pamba?

JIBU: Hapana, mama. Usimwingize kitu chochote kooni. Homa, koo kuuma na madoa meupe kwa mtoto wa umri huo si habari ya vijiwe, huenda ni maambukizi ya tonsesi. Mpeleke kituo cha afya leo. Baadhi ya maambukizi hayo yasipotibiwa vizuri huacha madhara kwenye moyo, kwa hiyo akiandikiwa dawa zimalizie zote hata akianza kucheza siku ya pili. Njiani mpe maji kidogo kidogo. Akianza kudondosha mate au kupumua kwa shida, usisubiri foleni, mwite nesi hapo hapo.