Boksi namba 14: tulivyohama Texas kwenda Minnesota na watoto wadogo

Kanga ya binti yangu ilikuwa ndani ya boksi namba 14, boksi namba 14 lilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa sijui wapi huko kati ya Oklahoma na Iowa, dereva hapokei simu. Ndo usiku wetu wa kwanza Minnesota huo. Fleti tupu, tumelala kwenye godoro la upepo, mtoto wa miaka mitano anataka kanga yake aliyopewa na bibi yake, imechakaa mpaka maandishi hayasomeki, na halali bila kushika pindo lake. Na aliyeipaki ni mimi, kwa mikono yangu, nikaikunja vizuri nikailaza juu ya mashuka, nikapiga tepu, nikaandika 14 kwa maka peni, nikajiona mama mwenye mipango kweli kweli.

Alilia mpaka saa saba usiku. Nikamvulia mtandio wangu nikampa, akaunusa, akasema "hii siyo", akanirudishia.

Sasa juzi shoga yangu kanipigia, anahama jimbo mwezi ujao ana watoto watatu, na swali lake la kwanza ni maboksi nilinunua wapi. Nikacheka peke yangu. Maana na mimi nilianza hivyo hivyo, wiki tatu nzima nahangaika na maboksi na kufunga vyombo kwa magazeti, kumbe kazi yenyewe ipo kwenye makaratasi ya watoto. Ukiwa peke yako kuhama jimbo hapa Marekani ni kuendesha gari tu. Ukiwa na watoto wadogo ni kama unahama nchi, kwa sababu karibu kila kitu cha mtoto kinasimamiwa na jimbo, na jimbo jipya halimjui mwanao hata kidogo.

Chukua bima. Watoto wetu walikuwa kwenye Medicaid ya Texas, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mimi nilidhani Medicaid ni ya serikali kuu basi inakwenda popote. Haiendi. Kila jimbo lina ya kwake, hata jina linabadilika, Minnesota wanaiita Medical Assistance, California ni Medi-Cal, Tennessee TennCare. Huhamishi, unafunga ya zamani unaomba upya ukishafika, na huwezi kuwa nayo majimbo mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo siku unayofika, kabla hujafungua begi, ingia mtandaoni uombe (Minnesota unapitia tovuti yao ya bima, MNsure). Na usijikatae mwenyewe kwa sababu ulikokuwa walikukatalia, viwango vya kipato havifanani. Texas mpaka leo haijapanua Medicaid kwa watu wazima, Minnesota imepanua, sasa mtu anakaa miaka anaamini hastahili kumbe kwingine anastahili. Kama bima yako ni ya kujinunulia kwenye lile soko la bima la serikali mtandaoni (Marketplace), kuhama kunakufungulia dirisha la siku 60 kuchagua nyingine, zikipita unangoja msimu wa kawaida.

WIC, ule msaada wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, yenyewe ina utu. Kabla hujaondoka waombe karatasi ya uthibitisho, unaipeleka kliniki ya jimbo jipya na wanakupokea mpaka muda wako uliobaki uishe, hawakuanzishi kupimwa kipato upya. Mimi sikuiomba. Sikujua ipo.

Chanjo ndo ilinitoa jasho. Texas wana daftari lao la chanjo linaitwa ImmTrac2, lakini mtoto haingizwi humo mpaka mzazi akubali kwa maandishi, na mimi enzi hizo najifungua sijui nilisaini nini sikusaini nini. Nimefika huku nesi anatafuta hapati kitu, mtoto anaonekana kama hajawahi kuchomwa sindano maishani mwake. Kliniki ya zamani nikapiga simu siku nne, mara niache ujumbe, mara nitume faksi (faksi jamani, mwaka 2024!), mara fomu imekosewa. Ningeenda kwenye lile dirisha lao wiki moja kabla ya safari ningetoka na karatasi ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo wewe nenda mwenyewe, omba rekodi zote za kila mtoto zimechapishwa, chanjo, mzio, dawa anazotumia, na kama ana pumu omba ule mpango wake wa pumu ulioandikwa na daktari pamoja na dawa ya mwezi mzima mkononi. Piga picha kila ukurasa.

Hapa kwenye mtoto wa pili naomba nikae kidogo, kwa sababu sijaona wengi wetu wakiliongelea. Mdogo wake alikuwa na miaka miwili na miezi miwili na alikuwa hajaanza kuongea, maneno matano sita tu. Texas alikuwa kwenye ECI, ile huduma ya watoto chini ya miaka mitatu wanaochelewa kukua au kuongea, mama mmoja anakuja nyumbani kila wiki anacheza naye sakafuni, anamfundisha kuomba kitu kwa neno badala ya kunivuta mkono. Alikuwa ameanza kusema "bado" na "chukua", tukaona mwanga. Nikadhani tukihama faili linamfuata. Wapi. Kila jimbo lina vigezo vyake vya nani anastahili, kwa hiyo mtoto anapimwa upya kama vile ndo mara ya kwanza. Sheria ya serikali kuu inawapa siku 45 kutoka siku jina la mtoto limepelekwa mpaka wampime na mkae kikao cha mpango wake, na siku 45 kwa mtoto wa miaka miwili ni nyingi, na ukichelewa mwezi mzima kupeleka jina kama mimi ndo zinakuwa zaidi ya 70.

Nilikuwa nangoja nipate daktari kwanza ndo anipe barua. Hakuna haja! Mzazi anaweza kumpeleka mwanae mwenyewe, kwa simu au mtandaoni, Minnesota inaitwa Help Me Grow, na huku ni bure kabisa wakati Texas unaweza kuchangia kulingana na kipato. Chukua nakala ya ule mpango wa mtoto unaoitwa IFSP uje nao mkononi, hauwalazimishi lakini unawapa pa kuanzia. Na akiwa anakaribia miaka mitatu ndo ukimbie zaidi, maana akifikisha mitatu anatoka kwenye huduma hiyo anaingia upande wa shule, mlango mwingine kabisa.

Halafu mjue mna haki mtoto apimwe kwa lugha anayoongea nyumbani. Yule aliyetupima alianza na picha na maneno ya Kiingereza, mtoto anamkodolea macho tu. Nikamwambia muulize "mpira uko wapi", akajaribu kwa matamshi yake ya ajabu, mtoto akainuka akaenda kuuleta mpira. Tukaletewa mkalimani kikao kilichofuata. Mtu akikwambia mwache Kiswahili ndo mtoto ataongea haraka, mwambie asante kisha endelea na Kiswahili chako.

Shule ya dada yake ilikuwa rahisi zaidi ya nilivyoogopa. Tulihama mwisho wa Julai, na hapo tulibahatika, Texas shule zinafungua katikati ya Agosti, Minnesota nyingi zinangoja mpaka Labor Day ipite mwanzoni mwa Septemba, tukapata wiki tano za kupumua. Angalia hili mapema, ukihama kinyume chake, kutoka huku kwenda kule, unaweza kukuta darasa limeshaanza. Angalia na tarehe ya umri wa kuingia kindergarten, lile darasa la kabla ya la kwanza, Texas na Minnesota zote mtoto awe ametimiza mitano ifikapo tarehe 1 Septemba lakini kuna majimbo tarehe yao ni nyingine, na mtoto aliyezaliwa Agosti anaweza kukubaliwa huku akakataliwa kule. Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba Minnesota mtoto anatakiwa afanyiwe uchunguzi wa awali, macho, masikio, anavyoongea na anavyoelewa, kabla ya kindergarten au ndani ya siku 30 tangu aandikishwe. Ni bure kupitia wilaya ya shule. Chakula cha shule nacho bure kwa wote tangu 2023, hilo nililiona la uongo mpaka nikaona mwenyewe.

Kama mmefikia kwa ndugu kwa sababu hamna uwezo wa nyumba bado, usimweke mtoto nyumbani ukingoja mkataba wa fleti. Kuna sheria inaitwa McKinney-Vento, familia inayobanana kwa watu kwa sababu ya shida ya nyumba au pesa, shule inatakiwa impokee mtoto hapo hapo hata makaratasi hayajakamilika. Kila wilaya ina mtu wa kushughulikia hilo, muulizie.

Haya, lori. Tulipata bei nzuri sana mtandaoni, na hapo ndo ningeshtuka. Kumbe yule tuliyeongea naye si mwenye lori, ni dalali, anachukua chake anauza kazi kwa mwingine, na siku ya kupakia likaja lori lenye jina lingine kabisa ubavuni. Vitu vilifika siku ya kumi na moja. Kabla hujalipa hata senti omba namba yao ya usajili, inaitwa USDOT, uikague kwenye tovuti ya FMCSA, idara ya serikali inayosimamia malori, hapo unaona kama ni dalali au msafirishaji, na malalamiko pia. Ujue na haya mawili. Kama bei waliyokupa ni makadirio tu, siyo ya mwisho, wakifika mlangoni hawaruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 110 ya walichokuandikia ndo washushe, kilichobaki watakutumia bili baadaye. Na ile bima ya bure wanayokusainisha ni senti 60 kwa paundi, haijalishi kitu kina thamani gani. Tivi yetu ya paundi 40 ilifika imepasuka, piga hesabu, dola 24. Baba watoto hakutaka hata kuijaza hiyo fomu.

Sisi wenyewe tulienda kwa gari, Houston mpaka huku karibu maili 1,200, tukaigawa siku tatu, tukalala Oklahoma City na Kansas City. Kuna watakaokwambia mbili zinatosha. Zinawatosha wao. Na mtoto anayetoka kwenye pampasi, hesabu kila saa mbili mnasimama, na akisema anataka chooni maana yake alitaka dakika tano zilizopita. Sehemu kubwa ya njia ni kunyooka na barabara kuu ya I-35, ila hiyo barabara inagawanyika mara mbili, E na W, mara ya kwanza pale Dallas na Fort Worth, mara ya pili hapa Minneapolis na St. Paul, na sisi baada ya siku tatu zote tukakosea ya mwisho, watoto wote wawili wanalia, tukajikuta St. Paul.

Viti vya watoto vya gari navyo sheria yake ni ya jimbo. Texas mpaka miaka 8, Minnesota walibadilisha tarehe 1 Agosti 2024, siku chache tu baada ya sisi kufika, sasa mtoto anakaa kwenye kiti au busta mpaka 9, na wa chini ya miaka miwili ageuzwe kuangalia nyuma. Na baridi ikija, lile koti nene lililojaa manyoya usimfungie nalo mkanda, linadanganya, mkanda unaonekana umebana kumbe kuna nafasi kubwa ndani. Mvue, mfunge, halafu mfunike koti kwa juu.

Hili la mwisho ni kwa ambao si raia, hata wenye green card. Ukihama una siku 10 kuwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya kwa fomu AR-11, inajazwa mtandaoni ni bure, na kila mtu ana yake, mtoto asiye raia pia. Kubadilisha anwani posta hakuhesabiki. Namjua mtu barua yake ya miadi ilienda nyumba ya zamani, miezi saba ikapotea hivi hivi.

Boksi namba 14 lilikuja mvua inanyesha. Nikalikata hapo hapo mlangoni, nikatoa kanga nikampa. Akainusa. Inanuka dizeli na kadibodi, akaniangalia kama nimemtapeli mara ya pili. Tuliifua, hakuigusa, nikalala nayo mimi siku tatu shingoni ndo akaja kuichukua mwenyewe usiku bila kusema kitu.

Maboksi shoga yangu ni bure, ulizia maduka ya pombe, yao ni madogo na magumu, mazuri kwa vitabu na vyombo. Yaandike namba pande mbili na kwenye daftari uandike kilichomo. Halafu chukua begi moja la mgongoni kila mtoto ajipakie mwenyewe, ungoje alale, ufungue uangalie amesahau nini.