Anapona anoreksia, mtandaoni kila mtu anasema lake: namna ya kuchuja ushauri wa lishe

Dada, umeuliza mdogo wako anayetoka kwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, afuate ushauri upi kati ya mengi anayoyasoma kwenye simu. Kabla hujauliza kama ushauri ni wa kweli, uliza uliandikiwa nani. Maneno mengi ya lishe mtandaoni yameandikiwa mtu anayetaka kupungua. "Kunywa maji glasi mbili kabla ya kula, anza na mboga za majani, usiku acha wanga": mwenye uzito mkubwa huenda yakamfaa. Aliyejinyima kwa miezi, tumbo lake linachelewa kuteremsha chakula, vijiko vichache tu ameshashiba. Ukitanguliza maji na majani, chakula chenyewe kinakosa nafasi. Huyu anahitaji kidogo kidogo lakini kizito: uji upikwe kwa maziwa na ukorogewe siagi ya karanga, maharage yaungwe kwa nazi, parachichi liwe pembeni, na chai iwe ya maziwa badala ya ya rangi.

Ratiba inayotumika sana kwenye tiba hii ni milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, asipitishe saa tatu au nne bila kutia kitu mdomoni. Anakula kwa saa hata kama hasikii njaa, kwa sababu hisia za njaa na shibe zimevurugika na zinachukua muda kurudi. Ndiyo maana "sikiliza mwili wako", ushauri mzuri kwa wengine, kwake bado.

Halafu kuna waliopona wanaohimiza: kula chochote, kiasi chochote, kuanzia leo. Hapa nakuomba uwe makini kuliko kwingine kote. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, hasa wanga, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, inapanda, na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Kiwango kwenye damu kikishuka sana, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na mtu akafa, huku kila mtu akifurahi kwamba sasa anakula. Hatari ni kubwa zaidi siku chache za mwanzo. Muongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unamhesabu kuwa hatarini hata mtu aliyekula kidogo sana, au hakula kabisa, kwa zaidi ya siku 5. Kuonekana na mwili wa kawaida si kinga.

Kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kuongeza chakula, na irudiwe kupimwa siku zinazofuata. Fosfeti mara nyingi haimo kwenye kipimo cha kawaida cha figo na chumvi za damu, iombeni kwa jina. Muulizeni daktari pia kuhusu vitamini B1, ambayo hutangulizwa kabla ya chakula kuongezwa. Akivimba miguu, moyo ukienda mbio, akiishiwa pumzi, akizimia au akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali saa hiyohiyo. Lakini hofu hii isiwafanye mumcheleweshe kula. Anachohitaji ni kuanza akiwa chini ya uangalizi.

Baadaye huja njaa kali, na kuna kurasa zitamwambia huo ni uraibu wa sukari. Azifunge. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wengine wakikusanya vitabu vya mapishi, na waliporudishiwa chakula njaa yao haikutulia mara moja. Njaa hiyo ni mwili unaodai ulichonyimwa.

Chai za "kusafisha tumbo" nazo zitoke ndani ya nyumba. Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha inayofanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Anachopoteza ni maji na potasiamu. Aliyezizoea akiacha, mwili hushika maji kwa siku kadhaa hata wiki na mzani unapanda. Mwambieni mapema, la sivyo ataona namba na kurudia chai. Afadhali mzani nao utoke, apimwe kliniki tu.

Kuhusu wataalamu: mtu yeyote anaweza kujiita mshauri wa lishe kwenye ukurasa wake. Kenya kuna taasisi ya KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, inayosajili wataalamu wa lishe, kwa hiyo jina linaweza kuhakikiwa. Popote mlipo, muulize mhusika amewahi kuhudumia wagonjwa wa matatizo ya ulaji, na kama anafanya kazi pamoja na daktari na mshauri wa afya ya akili. Akianza kwa kutaja vyakula vya kuacha, tafuteni mwingine.